Mkufunzi Aliyesikia kwa Macho

Ukitaka kusalimiana na Debra Obiero, zunguka kwanza uje mbele yake. Ukimwita kutoka nyuma atapita kana kwamba hakujui, nawe utakwenda kusema mjini kwamba yule mwanamke wa Karakana anaringa. Wengi wamesema hivyo. Kule Nyalenda, mtaa wa Kisumu alikopanga, muuza mboga wa jirani alimnunia mwaka mzima kwa sababu ya salamu moja isiyojibiwa, na Debra akamwacha anune. Aliona heri aitwe mwenye maringo kuliko kuitwa kile alichokuwa.

Masikio yake yalikuwa yamekufa. La kushoto lilikwisha kabisa, la kulia likabaki na ngurumo za malori na ngoma za kanisani, basi. Yalimtoka mwaka ule alipougua kifua kikuu sugu, akadungwa sindano kila siku kwa miezi, sindano zilizookoa mapafu yake na kuyala masikio. Alipopona, aliona ana mambo mawili ya kuficha, ugonjwa na matokeo yake, na akaamua kuyafungia pamoja. Aliyejua ni mama yake peke yake, kule Ahero, ambaye hata leo humpigia simu ya picha na kusogeza mdomo karibu na kamera mpaka kioo kinajaa meno.

Na huyu ndiye aliyelelewa kwa kusikiliza. Baba yake alikuwa fundi wa pampu kwenye mashamba ya mpunga, na alimfundisha bintiye kusimama kando ya injini, kufumba macho, na kutaja kinachoiuma kabla ya kugusa spana. Sasa Debra huweka kiganja juu ya mashine. Mtetemo humwambia nusu ya habari. Nusu nyingine hubuni, na mara nyingi hubuni vizuri.

Karakana iko kwenye barabara ya kuelekea Dunga, katika jengo lililokuwa ghala la samaki, na siku za joto kali sakafu bado hutoa harufu ya omena, dagaa wa ziwani. Ndani kuna meza za kuunganishia nyaya, kompyuta, printa mbili za kuchapa vitu vya plastiki, na nyuma ya ukuta wa kioo kuna chumba cha mashine, chenye misumeno na drili ya kusimama. Jumamosi watoto huingia bure, wakatengeneza wanachotaka. Lakini kazi ya Debra haikuwa watoto. Alikuwa akiwafunza wanaowafunza: walimu wa shule za msingi, wasimamizi wa vilabu vya sayansi, watu wa maktaba. Aliwafundisha jinsi ya kuendesha mahali kama pale pasigeuke kuwa pa wavulana walewale wa mjini wenye kompyuta nyumbani.

Maana bila kuangaliwa hugeuka haraka. Waweke watoto wanne kwenye meza moja, na kabla hujakaa mvulana ameshika koleo, msichana amepewa kalamu aandike, aliyetoka kijijini ametumwa maji, na mwenye mguu mbovu ameambiwa apumzike tu, tutamtengenezea. Wote wana adabu na hakuna aliyekusudia ubaya. Debra aliwafanyisha walimu wenyewe zoezi hilo, kisha akawauliza nani alishika nini. Walimu wazima, wenye familia zao, walikuwa wakiangalia chini. Neno alilolipiga marufuku ni "leta nikufanyie". Aliyeteleza akalisema alisimama na kuwaeleza wenzake amemwibia nani somo. Wanaume waliona haya, wanawake wakacheka, halafu nao wakateleza.

Alikuwa pia na taratibu zake. Watu walikaa kwa duara, na aliyeongea alishika koili ya waya ili wengine wote wanyamaze. Jambo lilionyeshwa kwa mikono kabla ya kuelezwa kwa mdomo. Kwenye chumba cha mashine waliingia watatu kwa wakati mmoja, hapakuwa na kupiga kelele, na mwenye shida aliinua mkono. Watu wa ofisi kuu walikuja kutoka Nairobi, wakaona binti mwoga akipata zamu yake sawa na mwenye mdomo mrefu, wakasifu, wakaupa utaratibu huo jina refu la kitaalamu. Sifa hizo zilikuwa za haki. Ila Debra aliyatunga yote kwa ajili yake mwenyewe. Duara lilikuwa la kumwonyesha midomo. Koili ilimwambia atazame wapi. Mtu wa Kisumu huanza sentensi kwa Kiswahili, akaipitisha kwenye Kijaluo, akaimalizia kwa Kiingereza, na kumsoma mtu huyo mdomoni wenzake wanne wakiongea ni kazi ya kichwa kupasuka.

Kwa nini asiseme tu? Kwa sababu ya Absalom. Absalom alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma pale Karakana, na miaka ya nyundo ilipompunguzia masikio, Bwana Kangethe, msimamizi, alimhamishia langoni. Kwa usalama wake mwenyewe, alisema, na alisema kwa upole, maana si mtu mbaya. Absalom yuko langoni mpaka leo, anafungua na kufunga. Debra alipita hapo kila asubuhi, akainua mkono kumsalimu, na kila asubuhi aliliona lango lile kama kiti kilichowekwa tayari kumsubiri.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Jumatatu ile walimu walipofika kwa mafunzo ya juma zima, na miongoni mwao akawamo Byron Oluoch.

Byron alifundisha useremala katika shule ya viziwi. Yeye mwenyewe alizibwa masikio na homa ya uti wa mgongo akiwa mtoto mkubwa, aliyekwisha kujua kuongea, kwa hiyo mdomo wake bado uliunda Kijaluo safi, ingawa sauti aliiacha siku nyingi. Alizungumza kwa ishara, na kando yake alikuwa mkalimani wake, Mukhwana, jitu la miraba minne lililoweza kutafsiri kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika chai. Byron alikuwa na haja moja mahususi. Alitaka wanafunzi wake waanze kuja Jumamosi, na hakutaka waje kuangalia. Alitaka waguse zile mashine.

Debra alimkwepa siku nzima ya kwanza. Hakumchukia, la. Alimwogopa kama mwizi anavyomwogopa mwizi mwenzake, kwa sababu hao ndio wanaotambuana.

Jumanne wakati wa chai Byron alimjia peke yake, Mukhwana akiwa mbali kwenye foleni ya mandazi. Alisimama mbele yake, akamuuliza kwa Kijaluo sukari iko wapi. Debra akamwonyesha kopo dirishani. Byron hakwenda kwenye kopo. Aliweka kidole kwenye koo lake, akatikisa kichwa polepole mara mbili.

Hakuwa ametoa sauti. Alichezesha midomo tu, na Debra, eti mtu anayesikia, amemjibu.

Joto lilimpanda Debra hadi masikioni, hayohayo yasiyo na kazi. Aliweka kikombe chini. Kisha akaondoka bila kuaga. Tangu hapo hakupata raha. Kila Byron alipoinua mikono kwenye duara, Debra alikazia macho mdomo wa Mukhwana, akisubiri jina lake litoke. Halikutoka. Yalikuwa mabao ya mpira, ilikuwa zamu ya kompyuta, lilikuwa swali la maana kuhusu watoto wasiosoma vizuri, na kila mara Debra alipumua kama aliyetuliwa gunia kichwani.

Jumatano jioni alimkuta anamsubiri karibu na tangi la maji. Byron aliongea kwa midomo tu, taratibu, neno moja moja, kama mtu anayemhesabia mwenzake chenji mkononi. "Waambie wewe mwenyewe. Mimi sitasema."

"Sijui unasema nini, mwalimu," Debra akamjibu.

Miaka yote ile alikuwa akijifanya anasikia. Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza, alijifanya hasikii, na mbele ya kiziwi. Byron alichukua mkoba wake, akaenda zake.

Alhamisi walikuwa wakitoboa visanduku vya taa. Kila mwalimu alikuwa na kisanduku chake cha mbao, na kifuniko kilihitaji matundu ya nyaya. Ilipofika zamu ya Wendy Wamaitha, waliingia chumba cha mashine watatu: yeye, Byron, na Debra wa kusimamia. Wamaitha ni mwalimu wa hesabu hapo mjini, binti wa wafanyabiashara Wakikuyu waliotoka Murang'a kabla yeye hajazaliwa, na ni mwepesi wa kila kitu, kusema na kutenda. Wengine walibaki nyuma ya kioo wakingoja. Byron alikuwa meza ya pembeni, akipiga msasa ubao wake.

Wamaitha alimwonyesha Debra kwamba biti, ile ncha ya kutobolea, ni nene mno kwa tundu lake. Debra akaizima drili, akaitoa biti, akageuka kwenye kabati la ukutani, pale kwenye swichi kubwa ya kuzimia mashine zote, atafute nyembamba. Alivuta droo moja, akavuta ya pili. Nyuma yake Wamaitha aliona nyingine imelala mezani, inayofaa kabisa. Akaifunga mwenyewe, akawasha, akashikilia kifuniko kwa mkono badala ya kukibana.

Biti ilikamata mbao. Kifuniko kilizunguka nayo, kikabeba vidole vyake, kikavibana kwenye nguzo ya mashine, na mashine ikaendelea kuvuta, kitufe chake kikiwa upande wa pili asioufikia.

Wamaitha alipiga kelele. Aliita azimiwe, akamwita Madam Debra, akaita kwa Kiswahili na kwa Kikuyu. Mkono aliofunzwa kuinua ndio uliokuwa umenaswa. Nyuma ya kioo walimu walisikia, wakasogea mlangoni, wakasimama. Utaratibu ulisema watu watatu, na ndani walikuwamo watatu, na mmoja wao alikuwa Madam mwenyewe, hatua moja kutoka kwenye swichi. Walimwona anapekua droo. Wakadhani anatafuta kitu cha kumwokolea.

Debra alikuwa akisoma namba kwenye biti. Alifurahi hata, maana alikuwa ameipata aliyoitaka.

Byron ndiye aliyeuhisi ubao wake ukitetemeka vibaya juu ya meza. Aliinua macho, akaona uso wa Wamaitha. Aliruka meza, akamsukuma Debra kwa bega maana alikuwa ameziba njia, akaishusha swichi kwa mikono yote miwili. Debra alianguka ubavu, biti zikamwagika juu yake. Alipoinua kichwa aliona damu kwenye nguzo, aliona midomo ya Wamaitha bado imefunguka, na akafahamu yote kwa mpigo mmoja: kwamba kelele ilikuwapo, kwamba ilikuwa ndefu, na kwamba ilikuwa ikimwita yeye.

Wamaitha alipelekwa hospitali. Vidole viwili vilikuwa vimevunjika, na cha tatu kimechunika ngozi. Vitapona, walisema, ila kimoja huenda kisikunjike kama zamani. Mwenyewe, kabla ya kuingizwa kwenye gari, alisema tu kwamba aliita na kuita huku amefumba macho, hajui nani alikuwa wapi.

Bwana Kangethe alikuwa ameona mwisho tu, kupitia kioo: kiziwi anamsukuma mkufunzi chini. Kwake habari ilikuwa imekamilika. Alimwita Debra ofisini, akamvutia kiti.

"Pole sana, Debra. Sikulaumu hata kidogo. Huyo jamaa amekuangusha, kisha ndio anakumbuka switch. Makosa ni yangu, bana. Nilikubali kiziwi aingie kule ndani. Nani angemwambia? Watu wanapiga nduru, yeye hana habari."

Debra alimsoma yote, hakukosa neno. Ubavu ulimuuma, lakini maumivu hayo yalikuwa madogo.

"Ni yeye alizima," alisema.

"Alizima, sikatai. Lakini late. Mwalimu wa watu amevunjwa vidole." Kangethe alisugua uso. "Kesho asubuhi nitawaambia. Asiyesikia haingii chumba cha mashini. Na hao watoto wake watafanya computer, hakuna mtu anawafukuza."

Hapa ndipo pangekuwa pa kusema. Mlango ulikuwa umefungwa, mtu mmoja tu wa kumsikia, na mtu huyo alikuwa na huruma machoni. Debra alilileta lile neno mpaka kwenye meno. Halafu mawazoni akaliona lango, na Absalom na kofia yake, akalimeza.

Wala simtetei. Alitoka ofisini akiwa amepona, na alijua amepona kwa mgongo wa nani. Kibaya zaidi, kwa dakika chache alifurahi. Alitembea hadi barabarani na ile raha kifuani, na alipofika kwenye vibanda vya samaki wa kukaanga raha ikamwisha, akaketi kwenye benchi la mtu bila kuagiza chochote. Maana alikuwa ameelewa jambo lingine, lililo baya kuliko woga. Ule utaratibu wake mzuri, uliosifiwa mpaka Nairobi, ulimtegemea yeye awe anatazama. Alipogeuka, ulikatika, na hapakuwa na mtu mle ndani aliyejua kwamba umekatika. Wangejua, wangemgusa bega. Wangezima taa na kuwasha. Mtu yeyote angeweza.

Ijumaa walikaa kwa duara. Wamaitha alikuja pia, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, mkono wake umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko na kuning'inizwa shingoni. Debra hakuweza kumtazama. Kangethe hakukaa. Alisimama karibu na dirisha, simu mkononi, akatoa pole kwa niaba ya Karakana, kisha akasema alichokuja kusema. Mikono ya Mukhwana ilianza kutafsiri kwa kasi, ikapungua, ikawa mizito.

Byron akauliza kwa ishara, Mukhwana akamtolea sauti: "Na watoto wangu?"

"Mwambie wataangaliwa," Kangethe akamjibu Mukhwana. "Kuna computer, kuna ile printa. Mashini ndio hapana. Ni safety tu, asione vibaya."

Debra alingoja Byron amtazame. Alijiandaa kwa hilo, alikuwa ameshakaza shingo. Lakini Byron hakumtazama. Alitazama sakafu. Alisema hatasema, na alikuwa anatimiza, na wanafunzi wake wakawa wanafungiwa mlango kwa sababu ya ahadi hiyo. Angemnyooshea kidole, pengine Debra angekana. Moyo wa binadamu huo. Kule kutotazamwa ndiko kulikomwinua kwenye kiti.

"Wamaitha aliniita mimi," alisema. "Byron hakuchelewa. Mimi ndio nilikuwa kando ya swichi, na sikusikia."

Duara likavurugika. Midomo ilifunguka kila upande, ya huyu Kijaluo, ya yule Kiingereza, na Debra akapotea kabisa ndani yake. Alijua anaulizwa, hakujua anaulizwa nini. Aliinua mkono wakanyamaza mmoja mmoja, mpaka akabaki Kangethe.

Kangethe alikuwa anamtazama kwa wasiwasi wa kweli. Akamfungulia mlango wa kutokea. "Hiyo mashini ina kelele mingi, Debra. Si ndio? Mtu yeyote hangesikia kitu pale."

Ingetosha kusema ndiyo. Hata Byron angeachwa, labda. Kelele ya mashine ingebeba lawama za wote, na kila mtu angerudi kwenye kiti chake.

"Hapana," Debra alisema. "Mimi sisikii, Bwana Kangethe. Hata wewe sikusikii. Nakusoma mdomo."

Kangethe aliinua mkono wenye simu akaziba kinywa, akasema kitu nyuma ya simu.

"Toa simu," Debra akamwambia. "Imefunika."

Akaitoa haraka kama aliyeshikwa akila. "Tangu lini?" alirudia, na sasa alikuwa anapaza sauti, mishipa ya shingo imemtoka.

"Tangu niugue TB. Kabla hujaniajiri. Na usipige kelele, haisaidii. Ongea tu kama kawaida."

"Miaka yote hii? Na mafundisho yote haya?"

"Haya masikio ndiyo yamenifanya niyatunge."

Kangethe aliketi hatimaye, kwenye kiti kisicho chake. Kisha akasema, polepole na kwa huzuni, "Basi hiyo sheria ni yako pia. Wewe na yeye. Siwezi kuandika ingine."

Byron alianza kusema, mikono yake ikakata hewa, na Mukhwana akamfuata kwa sauti ambayo haikuwa na mzaha ndani yake. "Jana mashine imezimwa na kiziwi. Anauliza, wale wanaosikia walikuwa wapi?"

Mwalimu mmoja wa Awasi, mzee wa watu aliyekuwa kimya wiki nzima, akainua koili kutoka sakafuni. "Tulikuwa kwa mlango," alisema. "Tulisikia wote. Mimi nilisikia mpaka ile ya Kikuyu. Tukasimama tu tunaangalia, sababu tuliambiwa watatu." Akaiweka koili chini kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kulipuka.

Sheria ya Kangethe ilifia pale. Hakuwa mjinga, aliona kwamba ikisimama itabidi imtoe aliyezima na kuwabakisha waliotazama. Alisema ameifuta. Akamgeukia Mukhwana kumpa pole zake, "mwambie mwalimu nimekosea," na Mukhwana akamwonyesha Byron kwa kidevu, mpaka akaelewa, akageuka akamwambia Byron mwenyewe usoni. Wanafunzi wangekuja Jumamosi, na mashine wangegusa. Kuhusu Debra alisema hana uwezo wa kuamua, ataripoti Nairobi, na kwa sasa haingii chumba cha mashine bila mtu wa pili anayejua la kufanya. Alikuwa anasema haki. Debra alikubali kwa kichwa. Kitu alichokibeba miaka yote kilikuwa kimemtoka, akawa hajui aweke wapi mikono yake. Baadhi ya walimu walikuja kumshika bega. Mmoja alilia, na Debra alitamani asilie.

Wamaitha hakuinuka. Alikaa na mkono wake mapajani, akasubiri mpaka watu wametawanyika na uso wa Debra umeelekea kwake bila kizuizi. Hakuwa na hasira. Aliongea polepole kuliko alivyowahi kuongea wiki hiyo, akihakikisha kila neno linaonekana.

"Nilikuita, Madam. Ukanyamaza, nikadhani umetoka nje. Ndio nikafumba macho nikangoja. Lakini mkono huu mwingine ulikuwa huru, na vipande vya mbao vilijaa pale mezani. Ningejua husikii, ningekutupia kimoja."

Debra aliyasoma yote, mpaka la mwisho.